Kiraka, na Mfumo Ulioachwa

Si ajabu kuingia steshenari mjini Songea, pale wanapochapa barua na kujaza maombi ya mkopo wa chuo, ukakuta kompyuta ya kaunta bado ina Windows 7. Mwambie mwenye duka kwamba mfumo huo ulikoma tarehe 14 Januari 2020, atacheka: mbona unafanya kazi?

Ana haki ya kucheka. Mfumo endeshi wake haujakoma. Kilichokoma ni viraka. Kiraka ni kipande cha programu anachotoa mtengenezaji kuziba tundu ambalo mwizi angepitia. Neno ni la fundi cherehani na limetufaa, ila kiraka hiki kina balaa lake: humwonyesha kila mtu tundu lilipokuwa. Microsoft ikiziba tundu kwenye Windows 11, wahalifu hukichambua kiraka hicho, kisha hulitafuta tundu lilelile katika matoleo ya zamani, ambako halitazibwa.

Tukisema “mfumo wa kizamani” tunachanganya mambo mawili. Programu hasidi ya WannaCry iliposhambulia kompyuta duniani Mei 2017, kiraka cha tundu ilimopitia kilikuwa kimetoka tangu Machi, na waathirika wengi walitumia Windows 7, iliyokuwa ikihudumiwa bado. Hawakukiweka tu. Anayetumia bando la simu anaelewa: masasisho hula MB, basi huzimwa. Huo ni mfumo usiosasishwa, na bando la usiku linautibu. Wa kaunta ni mfumo ulioachwa. Hata ununue GB 100, kiraka hakiji. Windows 10 nayo, kwa watumiaji wa kawaida, ilifikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa walioomba waliongezewa mwaka.

Kinachotangulia kuumiza ni kivinjari. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 ni la 109, la mwaka 2023. Kwa hiyo benki, barua pepe na nywila za wateja zisiguse mashine hiyo. Ibaki kuchapa bila intaneti, na fleshi za wateja zikaguliwe kwingine kwanza. Anayetaka kuingia nayo mtandaoni aweke mfumo endeshi mwingine, Linux nyepesi kama Lubuntu, ambayo ni programu huria, ya bure, na hupata viraka. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, kwa hiyo programu za aina hii si ngeni kwetu. Ila iwashe Linux hiyo kwanza kutoka kwenye fleshi na ujaribu printa kabla ya kufuta Windows, maana zipo printa ambazo Linux haizitambui.