Chema Chajiuza: Asili ya Kazi ya Kuvumisha Wasanii Katika Marekani, 1835–1929

Methali ya Kiswahili yasema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mujibu wa methali hiyo, mwimbaji mwenye sauti njema au mwigizaji hodari hana haja ya mtu wa kumnadi, maana uhodari wake ni tangazo tosha. Na yule anayenadiwa mno hana budi kutiliwa shaka. Lakini leo, katika nchi nyingi, kuwanadi waimbaji, wachezaji na waigizaji ni kazi ya kusomewa. Mwanafunzi huingia chuoni akiitaka, hufundishwa kwa miaka kadhaa, hupewa shahada, kisha huajiriwa kwa jina la ofisa uhusiano. Ikiwa methali ni kweli tupu, basi mwanafunzi huyo anajifunza kutembeza vibaya. Na ikiwa kazi yake ni halali, methali ina upungufu. Ili kuamua baina ya mambo hayo mawili ni lazima kuitazama historia ya kazi yenyewe, ambayo katika sura yake ya sasa iliumbwa kwa sehemu kubwa katika Marekani.

Kabla ya kuingia katika habari hiyo yafaa kuyapima maneno. Kiswahili kina kitenzi vuma. Upepo huvuma, ngoma huvuma, na mtu mwenye sifa huvuma vilevile. Kutokana na mzizi huohuo limepatikana neno uvumi, yaani habari inayoenea bila ya ukweli wake kujulikana. Kwa hiyo sifa ivumayo na uvumi ni ndugu wa tumbo moja. Kadhalika kuna kupiga mbiu na kupiga chuku. Mbiu ni pembe iliyopigwa ili watu wakusanyike wasikie jambo. Chuku nayo ni pembe, ile ya kuumikia, nayo imetupa usemi wa kupiga chuku kwa maana ya kutia chumvi katika maneno. Mpiga mbiu huita watu kwa sababu jambo lipo. Mpiga chuku hulikuza jambo dogo, au hulizua lisilokuwapo. Zote mbili ni pembe, na kwa mbali si rahisi kuzipambanua. Historia inayofuata ni ya watu walioshika pembe hizo mbili, mara nyingi kwa mkono mmoja.

Wa kwanza kutajwa ni Phineas Taylor Barnum, aliyezaliwa katika Connecticut mwaka wa 1810. Katika mwaka wa 1835, akiwa kijana wa miaka 25, Barnum alilipa dola 1,000 ili apate haki ya kumwonyesha watu mwanamke mtumwa aliyeitwa Joice Heth, kipofu na mwenye kupooza. Watu walitangaziwa kuwa bibi huyo ana umri wa miaka 161, na kwamba ndiye aliyemlea George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Alionyeshwa katika New York, ambako sheria ilikuwa imekwisha kuondoa utumwa tangu mwaka wa 1827, na watu walilipa kiingilio ili wamtazame na kumsikiliza. Watazamaji walipoanza kupungua, gazeti moja lilipelekewa barua isemayo kwamba Heth si mtu hata kidogo, bali ni mashine iliyotengenezwa kwa mpira na mifupa ya nyangumi. Na wale waliokwisha kumwona wakarudi tena wahakikishe.

Joice Heth alifariki mwezi wa Februari 1836. Hata hapo mnada haukukoma. Watu wapatao 1,500 walilipa senti 50 kila mmoja washuhudie maiti yake ikipasuliwa, na daktari aliyefanya kazi hiyo akasema kuwa umri wake haukuzidi miaka 80. Wengi wasimuliapo kisa hiki huishia kwenye werevu wa Barnum. Lakini yafaa kuangalia ni nani aliyebeba gharama ya werevu huo. Mwanamke mgonjwa, asiyekuwa na haki ya kukataa, aliulizwa maswali na umati wa watu siku baada ya siku, kisha akanyimwa hata stara ya maiti. Neno nadi ni la sokoni, la bidhaa na mifugo. Hapa lilimpata binadamu, hai na mfu. Kazi ya kuvumisha maonyesho ilianza na deni hilo, na mwanafunzi anayeirithi hana njia ya kurithi faida bila ya kulijua deni.

Baada ya miaka 15 Barnum huyohuyo alishika jambo la namna nyingine. Mwezi wa Januari 1850 alifanya mkataba na Jenny Lind, mwimbaji wa Sweden aliyekuwa na sifa kubwa katika Ulaya, amlipe dola 1,000 kwa kila tamasha, hata kufikia matamasha 150. Barnum alikuwa hajapata kumsikia akiimba, wala Wamarekani walio wengi hawakumjua. Basi kwa miezi kadhaa magazeti yalijazwa habari zake, na zaidi ya sauti yake zilielezwa sadaka zake kwa maskini na wagonjwa. Meli iliyomleta ilipofika New York tarehe 1 Septemba 1850, maelfu ya watu walikuwa bandarini wakimngoja mtu ambaye hawajapata kumsikia. Tikiti za tamasha la kwanza ziliuzwa kwa mnada, na mwenye duka la kofia, John Genin, aliinunua ya kwanza kwa dola 225, naye akavuma pamoja na mwimbaji.

Tofauti ya visa hivi viwili haimo katika kelele, kwa maana kelele zilikuwa nyingi katika vyote. Tofauti imo katika kile kilichokuwa nyuma ya pazia. Usiku wa tarehe 11 Septemba Lind alisimama katika ukumbi wa Castle Garden akaimba, na watu wakahukumu kwa masikio yao wenyewe. Sauti ilikuwapo, na sadaka zilikuwapo. Sehemu ya fedha za safari hiyo ilikwenda kweli kwa wenye haja. Heth alipochunguzwa, tangazo lilianguka. Lind aliposikiwa, tangazo lilisimama. Katika mwaka wa 1851 Lind aliuacha mkataba wa Barnum akaendelea na safari kwa uongozi wake mwenyewe, na watu hawakuacha kumsikiliza.

Filamu zilipoanza, wenye kuzitengeneza hawakuwa na desturi ya kutangaza majina ya waigizaji. Florence Lawrence alijulikana kwa watazamaji kwa jina la kampuni yake tu. Katika mwaka wa 1909 alihamia kwa Carl Laemmle, na mwanzoni mwa 1910 ikaenea katika mji wa St. Louis habari kwamba amekufa kwa ajali. Mwezi wa Machi Laemmle akachapisha tangazo la kuushutumu uongo huo, akiwatupia wapinzani wake lawama, na humohumo akalitangaza jina la mwigizaji na filamu yake mpya. Wanahistoria wa filamu huona kuwa uvumi wenyewe ulitoka kwake. Hapo yaonekana wazi jinsi kuvuma na uvumi vilivyofungwa pamoja: mwigizaji alipewa jina lake, tena jina alilolistahili, kwa njia ya kutangazwa maiti.

Huo ndio urithi alioukuta kijana Edward Bernays. Alizaliwa Vienna mwaka wa 1891, akapelekwa Marekani akingali mtoto mchanga. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya nafaka, na mtoto akasomeshwa kilimo katika Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka wa 1912. Alikuwa na shahada asiyoipenda na hakuwa na kazi aliyoijua. Kabla ya mwaka kwisha alijiunga na mwenzake katika kuendesha gazeti dogo la madaktari. Humo alipata habari kwamba mwigizaji Richard Bennett anataka kuuonyesha mchezo wa Mfaransa Eugène Brieux, ulioitwa kwa Kiingereza *Damaged Goods*. Mchezo huo ulieleza habari ya kijana mwenye kaswende anayeoa bila ya kupona, na madhara yampatayo mtoto wake.

Ugonjwa huo ulikuwa haunenwi hadharani, na ilihofiwa kuwa serikali ya mji itauzuia mchezo. Bernays hakuzua kisa cha kifo wala cha mashine. Aliunda kamati kwa jina la gazeti lake, akawaalika watu wenye heshima wajiunge kwa dola 4 kila mmoja, miongoni mwao John D. Rockefeller wa pili. Watu wa namna hiyo walipokubali kuutazama mchezo kwa ajili ya afya ya jamii, aliyetaka kuuita uchafu alikosa mahali pa kusimama. Mchezo ulionyeshwa mwezi wa Machi 1913. Hapa methali inapata mtihani wake wa kwanza wa haki, maana lilikuwapo jambo lenye manufaa, lakini halikuweza kujiuza, kwa sababu aibu ilikuwa imeziba masikio ya wanunuzi.

Mtihani wa pili ulikuja miaka miwili baadaye. Bernays aliajiriwa kuitangaza safari ya kundi la wachezaji wa Kirusi la Sergei Diaghilev, lililoanza maonyesho yake New York mwezi wa Januari 1916. Katika kumbukumbu za maisha yake alikiri kuwa hakujua lolote katika sanaa hiyo, wala hakuipenda. Na aliona kuwa umma wa Marekani u katika hali hiyohiyo. Basi alianza kwa kusoma na kuuliza, kisha akaandika kitabu cha kurasa 81 cha kuwaongoza watangazaji katika miji iliyo mbele ya safari. Aliwaeleza watu muziki, mavazi na rangi za sanaa hiyo, akawashawishi wenye viwanda watengeneze vitambaa kwa kufuata rangi za jukwaani. Lakini gazeti moja la wanawake lilipokataa picha zinazoonyesha magoti, aliwaagiza wachoraji wazirefushe sketi katika picha. Mbiu ilikuwa kubwa na ya kweli, na chuku ilikuwa ndogo. Hata hivyo chuku haikukosekana.

Vita vilimtoa Bernays katika michezo. Alitumikia kamati ya serikali ya kueneza habari, iliyoundwa mwaka wa 1917, na katika mwaka wa 1919 akafungua ofisi pamoja na Doris Fleischman, mwandishi wa magazeti aliyekuja kuwa mkewe. Katika mwaka wa 1923 alitoa kitabu juu ya kazi yake, na mwaka huohuo akafundisha katika Chuo Kikuu cha New York somo ambalo aghalabu huhesabiwa kuwa la kwanza la uhusiano na umma. Kazi iliyoanzia katika mahema na kumbi za maonyesho sasa ilikuwa na kitabu, mwalimu na wanafunzi.

Lakini elimu ni chombo, nacho hufuata mkono. Mwaka wa 1929, siku ya Pasaka, Bernays alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika maandamano ya New York, na magazeti yakaiandika habari hiyo kama dai la uhuru, hali aliyelipa alikuwa mwuza tumbaku. Hakuna ufundi uliotumika siku hiyo ambao haukutumika kwa mchezo wa Brieux: watu wenye kuangaliwa, jambo jema la kulitanguliza, na waandishi wenye kungoja habari. Mara ya kwanza ufundi huo uliwaonya watu juu ya maradhi; mara hii uliwapeleka kwenye maradhi.

Kwa hiyo methali haibatiliki, ila yataka sharti. Chema hujiuza kwa mtu aliyekwisha kukijua. Ambaye hajakijua, au amefundishwa kukionea haya, hana budi kupigiwa mbiu. Na mbiu hupambanuliwa na chuku kwa maswali mawili ambayo kila mwanafunzi wa kazi hii aweza kujiuliza kabla ya kuishika pembe: je, mnadiwa mwenyewe ameridhia? Na je, pazia likifunguliwa, watu watakikuta walichoitiwa? Joice Heth hakuulizwa swali la kwanza, na waliolipa senti 50 walipewa jibu la pili juu ya maiti yake.