Nanga ya Mombasa, kero ya Kisii

Intaneti ilipozorota Mei 12, 2024, kuanzia Mombasa hadi Keroka, wengi walizilaumu kampuni zinazowauzia bando. Kumbe kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika baharini karibu na Durban, Afrika Kusini.

Utegemezi wetu kwa kebo za baharini haukuanza leo. Waingereza walilaza waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1879, na mwaka 1890 ukafika Mombasa. Baadaye tulitegemea setilaiti kupitia kituo cha Longonot. Faiba ikaja 2009, kwa kebo za TEAMS na Seacom. EASSy ikafuata 2010. TEAMS ina mkono wa Mgusii: Dkt. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa habari, alikuwa mstari wa mbele serikali ilipochoshwa na mivutano ya mradi wa EASSy ikaamua kutandaza kebo yake hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Jambo hilo hatulitaji vya kutosha huku kwetu Kisii.

Halafu ikaja Februari 2012. Tarehe 17, kebo tatu zilikatika Bahari ya Shamu, EASSy ikiwemo. Mawasiliano yakahamishiwa TEAMS, nayo ikabeba mzigo usio wake. Jumamosi ya tarehe 25, meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ikatia nanga mahali palipokatazwa. Nanga ikainasa TEAMS na kuikata. Ilikadiriwa kwamba kuiunga kungechukua takriban wiki tatu. Kebo iliyogharimu mamilioni ya dola ikashindwa na nahodha mmoja asiyeheshimu mipaka! Mchonga mawe wa Tabaka, Kisii, aliye takriban kilomita 800 kwa barabara kutoka ufuoni, angejuaje kwamba picha zake hazimfikii mnunuzi wa Ulaya kwa sababu ya chuma kile?

Watu hupenda kumsingizia papa kebo zinapokatika. Duniani hutokea hitilafu za kebo za baharini kati ya 150 na 200 kila mwaka, na nyingi husababishwa na nanga na nyavu za uvuvi. Kwenye kina kirefu kebo haizidi mpira wa kumwagilia bustani kwa unene. Karibu na ufuo hukazwa kwa nyaya za chuma, lakini nanga inayokokotwa haijali. Februari 2024, nanga ya meli Rubymar, iliyoshambuliwa na Wahouthi wa Yemen ikaachwa ielee, ilishukiwa kukata kebo tatu, Seacom ikiwa mojawapo.

Tunajisifu kwa uchumi wa kidijitali, lakini kebo zetu bado zinapita njia zilezile chache. Zikikatika, meli ya kuziunga mara nyingi ni Léon Thévenin, na makao yake ni Cape Town.