Fuvu la Nariokotome na suala la fahamu

Mwaka wa 1984 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Kamoya Kimeu alipookota kipande kidogo cha fuvu kando ya mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Wachimbaji walipoendelea, wakapata karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi miaka takribani milioni 1.5 iliyopita.

Ujazo wa fuvu lake ulipopimwa, ulikuwa kama sentimita 880 za ujazo. Wetu sisi ni 1,350 hivi kwa wastani. Basi tukapiga hesabu za kitoto: thuluthi mbili za ubongo, thuluthi mbili za fahamu! Hata nilipoanza kufundisha isimu, niliwaambia wanafunzi kwamba ubongo ulipanuka, kisha lugha na fahamu zikaingia, kama maji mtungini. Leo nayafuta maneno hayo.

Waneanderthali wa Ulaya walikuwa na ubongo uliolingana na wetu au kuuzidi. Nao Homo naledi wa Afrika Kusini, waliotangazwa mwaka wa 2015, walikuwa na ubongo mdogo mno, ilhali waliishi juzijuzi tu kihistoria, kati ya miaka 335,000 na 236,000 iliyopita. Mstari nilioufundisha haupo.

Na suala la usemi je? Mnamo 1993 ilidaiwa kwamba tundu la uti wa mgongo wa mvulana huyu lilikuwa jembamba, hivyo hakuweza kudhibiti pumzi ya kusemea. Baadaye pingili zilizopatikana Dmanisi, nchini Georgia, zikaonyesha kwamba watu wa kale kama yeye walikuwa na tundu pana kama letu. Ona, msomaji, jinsi hukumu nzito ilivyoning'inia kwenye kitundu cha mfupa!

Kiswahili kingalituonya mapema. Mtu akizirai twasema amepoteza fahamu. Akizinduka, fahamu zimemrudia. Ubongo haukutoka mahali pake. Hatusemi kamwe kwamba mtu amepoteza ubongo, ila kwa matusi.

Kwangu mimi, jambo la kutazamwa ni namna ubongo unavyokua. Mtoto wetu huzaliwa na ubongo usiofikia thuluthi moja ya ule atakaokuwa nao utu uzimani. Sehemu kubwa hukulia nje ya tumbo la mama, mtoto akibebwa, akisemeshwa, akiitwa jina. Fahamu za kujijua, nadhani, hufumwa humo. Mvulana wa Nariokotome ana meno ya mtoto wa miaka kama 8, lakini mifupa yake inalingana na ya kijana wa leo wa miaka 12 au 13. Yaani alikua mbio kutuliko. Utoto wake ulikuwa mfupi.

Mifupa yake imehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Kila nikiifikiria hujiuliza kama mama yake alikuwa na jina la kumwitia.