NCHI JIRANI: KENYA YAPIMA KWANZA, NDIPO YAHESABU USHINDI

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Yuko adui aliye karibu zaidi hata kuliko huyo wa nguoni, naye ni mnyoo ukaao matumboni mwa watu, unaonyonya damu kimya kimya bila mlio wa risasi hata mmoja. Jirani zetu wa Kenya wamepambana na adui huyo kwa miaka mingi. Historia ya mapambano yao ina fundisho kwa kila mtu mwenye kazi ya ulinzi, nalo ni kwamba dawa peke yake haimalizi vita iwapo hakuna anayepima ili kujua adui amebaki wapi, na kwa nguvu kiasi gani.

Yafaa ikumbukwe kwamba mmoja wa waliotangulia katika mapambano haya alikuwa mwanajeshi. Mwaka 1899, baada ya kimbunga kikali kukipiga kisiwa cha Puerto Rico, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Bailey Ashford aliwakuta wakulima wengi wamepauka, hawana nguvu hata ya kuinua jembe. Wengi walidhani ni njaa. Lakini wagonjwa walipolishwa chakula kizuri hawakupona. Ashford akachukua choo chao, akakitazama kwa hadubini, akaona mayai ya minyoo ya safura. Upelelezi ndio uliomfichua adui, chakula kisingeweza.

Siku zile ilikuwa lazima kila mgonjwa apimwe kabla ya kutibiwa. Dawa iliyotumika, thaimoli, ilikuwa kali na iliweza kumdhuru mtu. Haikuwa busara kumnywesha mtu asiye na mnyoo. Dawa salama zaidi za mebendazoli na albendazoli zilipoenea katika miaka ya 1970 na 1980, mambo yaligeuka. Kidonge kimoja kilitosha kwa mtu mmoja, na gharama yake ikawa ndogo kuliko gharama ya kumpima. Ndipo wataalamu wakafikia uamuzi huu: wapimwe wachache katika kila eneo, na ikionekana minyoo imeenea, watibiwe wote.

Kipimo chenyewe ni cha watu wa kawaida, wala hakihitaji jumba kubwa la maabara. Kilianzia Japani mwaka 1954 kwa mtaalamu Kato, kikakamilishwa Brazili mwaka 1972 na Katz pamoja na wenzake. Choo huchujwa, kikajazwa katika tundu dogo la kipimo lichukualo miligramu 41.7, kisha kikafunikwa kwa selofani iliyoloweshwa gliserini. Mayai yanayoonekana huhesabiwa moja moja, na hesabu hiyo ikizidishwa kwa 24 hupatikana idadi ya mayai katika gramu moja. Hivyo mpimaji hajui tu kwamba adui yupo, bali pia wingi wake. Mayai ya safura, hata hivyo, hayasubiri. Gliserini huyafuta machoni, kwa hiyo kioo hakina budi kusomwa kabla ya saa moja kupita. Mpimaji akizubaa huandika kwamba mtu ni mzima, kumbe ni mgonjwa.

Mwaka 1998 njia hiyo ya kupima wachache na kutibu wengi ilitumika wilayani Busia, magharibi ya Kenya, mpakani na Uganda. Shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000 ziliingizwa katika mpango huo kwa awamu. Vipimo vya mwanzo vilionyesha kwamba zaidi ya wanafunzi 9 kati ya 10 walikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa yatibu angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari. Kenya ilianzisha mpango wa taifa mwaka 2009, ambapo watoto wapatao milioni 3.6 walipata dawa shuleni. Baada ya kusimama kwa muda, mpango huo ulianza upya mwaka 2012.

Safari hii vidonge havikwenda peke yake. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya iliteua shule 200 katika mikoa ya magharibi na pwani, ikawapima watoto ili kujua hali ya minyoo kabla ya dawa na miaka iliyofuata. Mwanzoni karibu theluthi ya watoto walikuwa na minyoo. Kufikia mwaka 2017 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya moja ya tano. Bila shaka hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, safura haibagui umri. Mama akitembea peku shambani, au baba akichimba udongo bila viatu, viluwiluwi vya mnyoo huu hupenya katika ngozi ya miguu yake. Mtoto aliyetibiwa shuleni alirudi nyumbani, akaukanyaga udongo ule ule uliochafuliwa na wakubwa ambao hawakutibiwa.

Jambo hili lilithibitishwa Kwale, mkoa wa pwani unaopakana na Tanga, kati ya mwaka 2015 na 2017. Vipimo vilifanywa kwa watu wa umri wote. Mahali ambapo watoto wa shule pekee walitibiwa mara moja kwa mwaka, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Mahali ambapo dawa ilipelekwa nyumba kwa nyumba, kwa wakubwa na wadogo, mara mbili kwa mwaka, ilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Kama watoto wa shule peke yao ndio wangalipimwa, ukweli huu ungalibaki gizani.

Sasa liko tatizo jipya, nalo limezaliwa na ushindi wenyewe. Minyoo inapopungua, mayai nayo huwa machache, na hadubini huanza kuyakosa. Watafiti walipolinganisha vipimo huko Bungoma, na kutoa matokeo mwaka 2016, kipimo kipya cha chembe za urithi kiliwagundua watu wengi ambao hadubini iliwapita, hasa wenye safura. Kipimo hicho ni cha gharama na huhitaji mitambo pamoja na mafundi. Lakini anayesimamisha dawa kwa kuamini kipimo kisichoona vizuri ni sawa na kamanda aondoaye doria kwa sababu mlinzi mwenye macho mabovu amesema kichaka ni kitupu. Adui hurudi, na wa kwanza kuumia ni mtoto na mama mjamzito.

Ndugu askari wanaolinda Horohoro wanafahamu kwamba ng'ambo ya pili, Lunga Lunga, ndiyo Kwale hiyo. Mnyoo haubebi pasipoti wala haukaguliwi kizuizini. Hupita katika matumbo ya wasafiri na kutua katika udongo wa upande wowote usio na vyoo. Kwa hiyo kila kambi na kila kituo kina wajibu wake: vyoo vitumike, buti na viatu vivaliwe, familia za makambini zisisahauliwe wakati wa kugawa dawa, na mpimaji anapoomba choo cha askari asichekwe wala kukwepwa. Kikopo kile kidogo ni taarifa ya upelelezi. Asiyeipeleka huwanyima wenzake habari za adui.