Kuihurumia nafsi: Hatua ya kwanza ya kupona kwa waliodhuriwa mtandaoni

KATIKA kituo cha biashara cha Ziwa, kaskazini mwa jiji la Eldoret, habari haihitaji gazeti ili isambae. Mkulima anayepeleka maziwa asubuhi, mwendeshaji bodaboda, mnunuzi wa mahindi na mwanakwaya wa Jumapili hufahamiana kwa majina na kwa koo. Simu ya mkononi imeongeza kasi tu. Picha ya faragha ikitumwa usiku katika kundi moja la WhatsApp, kufikia wakati wa kukama ng'ombe alfajiri huenda imewafikia jamaa, walimu na wanachama wenzake katika chama cha akina mama.

Kwa sababu hiyo, madhara ya mtandaoni katika eneo kama hili la Kaunti ya Uasin Gishu hayabaki mtandaoni. Aliyetukanwa au aliyeanikwa hukutana ana kwa ana na watu anaoshuku kwamba wameona. Mkazi wa jiji kubwa anaweza kujificha katika umati. Wa Ziwa hana umati wa kumficha.

Madhara hayo ni ya aina nyingi: matusi na vitisho, kusambaza picha za faragha bila idhini, kutishia kuzisambaza ili kudai fedha, kufungua akaunti bandia kwa jina la mtu, na ulaghai wa mapenzi au wa ajira. Hata hivyo, yana jambo moja linaloyaunganisha. Mkosaji akishaondoka, mwathiriwa hubaki akijishtaki mwenyewe: mbona niliamini? Mbona nilituma?

Jamii nayo huongezea kwa methali kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hiyo haifai hapa. Aliyemwamini mchumba au rafiki hakujitakia msiba. Aliyevunja uaminifu ndiye aliyeuleta.

Maana yake

Mnamo 2003, mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, alichapisha makala yaliyofafanua dhana ya kuihurumia nafsi na kutoa kipimo cha kuichunguza. Kwa maelezo yake, dhana hiyo ina nguzo tatu.

Ya kwanza ni upole kwa nafsi: mtu kujisemesha wakati wa dhiki jinsi ambavyo angemsemesha rafiki mpendwa. Ya pili ni kutambua kwamba kukosea na kuumia ni sehemu ya maisha ya kila binadamu, wala si laana ya mtu mmoja. Ya tatu ni kuyatazama maumivu kama yalivyo, bila kuyakana na bila kuyakuza.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua nguzo ya pili upesi, kwani ndiyo kiini cha utu. Tofauti ni kwamba utu, ambao tumezoea kuwatendea wengine, hapa unaelekezwa ndani.

Kuihurumia nafsi pia kusichanganywe na kujihurumia kwa maana ya kujisikitikia. Anayejisikitikia husema, "Ni mimi peke yangu niliyeteswa hivi." Anayeihurumia nafsi husema, "Nimeumizwa, na wengine wameumizwa hivi pia. Nahitaji nini sasa?"

Kwa nini husaidia

Mwanasaikolojia Paul Gilbert wa Uingereza, aliyeasisi tiba inayojengwa juu ya huruma, anaeleza kwamba binadamu ana mfumo wa kukabili hatari, mfumo wa kusaka anachotaka na mfumo wa kumtuliza. Anayejilaumu mfululizo huuchochea ule wa hatari, kana kwamba adui yumo ndani ya nyumba. Moyo hudunda, usingizi hupotea na fikira husongamana. Maneno ya upole, pumzi ya taratibu na mguso mwema huamsha mfumo wa utulivu.

Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2012 na Angus MacBeth na Andrew Gumley ulionyesha kwamba wenye huruma zaidi kwa nafsi zao huwa na dalili chache za huzuni kuu, wasiwasi na msongo. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba huruma ndiyo inayoleta nafuu, lakini unalingana na maelezo ya Gilbert.

Wapo wanaohofu kwamba upole huzaa uzembe. Majaribio ya Juliana Breines na Serena Chen, yaliyochapishwa mwaka huohuo, yalionyesha kinyume: walioongozwa kuyatazama makosa yao kwa huruma walipata ari kubwa zaidi ya kujirekebisha. Kuteleza si kuanguka, mradi anayeteleza asijisukume chini.

Namna ya kuanza

Zoezi la kwanza huchukua dakika chache. Hofu au aibu inapopanda, mhusika aweke mkono kifuani, avute pumzi taratibu, kisha aseme mambo matatu kwa lugha anayoiota, iwe Kiswahili, Kinandi au nyingineyo: kwamba jambo hili linauma, kwamba si yeye peke yake aliyepatwa, na kwamba atajitendea kwa wema.

La pili ni kuandika barua. Mhusika ajifikirie kuwa dada, kaka au rafiki yake ndiye aliyepatwa na mkasa uleule, amwandikie maneno ya faraja, kisha ajisomee barua hiyo kama iliyoandikiwa yeye.

La tatu ni kuacha kupekua. Kurudi kila saa kuangalia nani ametoa maoni gani ni kukitonesha kidonda. Ni bora mtu anayeaminika apewe kazi ya kufuatilia.

Baadhi ya waathiriwa huona ugumu mwanzoni, na huruma yenyewe huwaletea machozi au hofu. Hao waende polepole, ikiwezekana wakiwa na mshauri nasaha.

Huruma si kunyamaza

Kuihurumia nafsi hakumwondolei mkosaji hatia. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinalinda heshima ya kila mtu na cha 31 kinalinda faragha yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, katika kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mwingine kwa faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au adhabu zote mbili. Kosa ni la msambazaji, si la aliyepigwa picha.

Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho Oktoba 2025, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vifungu vipya kuhusu kuwahangaisha watu mtandaoni. Ni vyema basi kupata ushauri wa wakili kabla ya kufungua kesi ya aina hiyo.

Kabla ya kufuta chochote, mwathiriwa ahifadhi ushahidi: picha za skrini zinazoonyesha ujumbe, nambari ya simu, tarehe na saa. Anayedaiwa fedha asilipe, kwa kuwa malipo ya kwanza mara nyingi huzaa madai ya pili. Kisha apige ripoti katika kituo cha polisi.

Huduma ya StopNCII, iliyoanzishwa mwaka 2021, humsaidia mtu mzima kuzuia picha zake zisisambazwe katika mitandao inayoshirikiana nayo. Picha haiondoki kwenye simu yake. Kinachotumwa ni alama ya utambulisho tu. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna Take It Down, ya 2023.

Kwa msaada wa bure, nambari 116 huwahudumia watoto, 1195 waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hutoa ushauri nasaha. Mkazi wa Ziwa anaweza kuanzia katika hospitali ya kaunti ndogo iliyopo hapo, au kufika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, yenye idara ya afya ya akili.

Anayewaza kujitoa uhai asisubiri mazoezi ya huruma yafanye kazi; atafute msaada siku hiyohiyo. Asiogope kushtakiwa: mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Wajibu wa majirani

Ni vigumu mtu kujionea huruma mahali ambapo kila mtu anamcheka. Jamaa asiulize kwanza, "Mbona ulituma?" bali "Unaendeleaje?" Mwanakundi aliyepokea picha aifute, asiipeleke mbele na amkanye aliyeituma. Mwalimu na mhubiri wasimfanye mwathiriwa kuwa mfano wa onyo.

Maji yakimwagika hayazoleki, na picha iliyokwisha kusambaa huenda isirudi yote. Lakini aliyeanikwa bado anaweza kutembea sokoni Ziwa akiwa ameinua kichwa, endapo ataacha kujihukumu kwa kosa la mwingine, na endapo watakaokutana naye watamsalimu kama walivyomsalimu jana.