Kitenzi elekezi na swali la nani alitenda

Mwanafunzi anapofika kwangu chuoni huwa tayari amekaririshwa kanuni moja kuhusu vitenzi vya Kiingereza: uliza "nini?" au "nani?" baada ya kitenzi, ukipata jibu, hicho ni kitenzi elekezi, usipopata si elekezi. Kwa mtihani, kanuni hiyo haina neno. Lakini dhana yenyewe ina historia ndefu, na historia hiyo ilipofika katika karne ya ishirini iligusa damu ya watu.

Jina la Kiingereza la uelekezi linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuvuka. Wanasarufi waliona kwamba kitendo huvuka kutoka kwa mtenda hadi kwa mtendwa, mithili ya abiria wa feri pale Likoni. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, aliieleza hivyo katika sarufi yake ya 1762. Lindley Murray akafuata mkondo huohuo mwaka wa 1795, na kitabu chake kikatumika shuleni kwa miongo mingi, Uingereza na Marekani. Sasa, vipi kuhusu kitenzi kama "resemble"? Mtoto akifanana na babake, baba hafanywi lolote. Shamirisho lipo, ila hakuna kilichovuka, na sentensi yenyewe hukataa katakata kugeuzwa iwe katika kauli ya kutendwa.

Charles Fillmore, Mmarekani, alilitazama jambo hili upya mwaka wa 1968. Alichukua kitenzi cha kawaida kabisa, "open". Kwa Kiingereza mtu anaweza kufungua mlango, ufunguo unaweza kufungua mlango, na mlango nao unaweza kuwa kiima peke yake, kitenzi kikibaki na umbo lilelile. Kiima kimebadilika mara tatu, lakini mlango umebaki kuwa kitu kilichofunguliwa. Kwa hiyo, akasema, tusitazame tu nafasi ya nomino katika sentensi. Tutazame pia dhima yake katika tukio.

Mwingereza Michael Halliday alikuwa amekwisha kuanza kuchapisha makala zake kuhusu uelekezi mwaka wa 1967. Kwake, uelekezi si sifa ya kitenzi kimoja bali ni mfumo mzima ambao msemaji hutumia kuchagua nani atakuwa mtenda, nani atatendwa na nani ataachwa nje. Mwaka wa 1971 aliutumia kuisoma riwaya ya William Golding kuhusu binadamu wa kale, akaonyesha kwamba katika lugha wanayopewa watu hao, wao husogea na kuona, lakini ni nadra watende jambo kwa kitu kingine.

Halafu ikaja Salisbury, Harare ya leo. Juni 1975 polisi wa Rhodesia waliufyatulia risasi umati wa Waafrika. Tony Trew alilinganisha magazeti mawili ya London ya siku iliyofuata, na uchambuzi wake ukatoka katika kitabu cha 1979 alichokiandika pamoja na Fowler, Hodge na Kress. Kichwa cha Guardian kilianza na polisi: wao ndio waliowapiga watu risasi. Times nao walianza na weusi wenye ghasia, wakatumia kauli ya kutendwa, polisi wakasukumwa nyuma ya kitenzi. Siku moja baadaye kichwa cha Times hakikuwa na polisi kabisa. Kiima sasa kilikuwa mgawanyiko ndani ya ANC (cha Rhodesia, si kile cha Afrika Kusini). Hakuna uongo ulioandikwa hapo. Ni sarufi tu iliyofanya kazi.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna ugumu kidogo wa kujificha hivyo, na mimi naona hiyo ni neema. "Break" ya Kiingereza haibadiliki hata asipotajwa mvunjaji. Kwetu lazima uchague: kikombe kimevunjika, au kimevunjwa? Viambishi ni vidogo, lakini cha pili kinakiri kwamba kuna mkono wa mtu.

Lakini njia za kukwepa tunazo. Ipo hii "kupoteza maisha", ambayo nadhani tumeiokota kwa Kiingereza na ambayo siku hizi haikosi kwenye taarifa za maandamano. Hebu ichanganue kwa macho ya Halliday. Mtu kapigwa risasi; gazeti linaandika "amepoteza maisha". Kitenzi ni elekezi, shamirisho ni maisha, na kiima, yaani aliyepoteza, ni marehemu mwenyewe! "Ameuawa" angalau humwachia msomaji nafasi ya kuuliza: na nani?