Ndege Aliyetambuliwa Baada ya Kuliwa

Wasafiri wa siku hizi warudipo kutoka Amerika ya Kusini huleta picha nyingi za ndege wasiowajua majina. Huwapelekea wenye elimu ya ndege, nao huuliza kwanza: Ulimpiga picha mahali gani? Miguu yake ilikuwaje? Kimo chake chalingana na nini? Maana picha huonyesha rangi upesi, lakini kimo hukificha. Maswali hayo si mapya. Yaliulizwa hata kabla ya ufundi wa kupiga picha kutangazwa mwaka 1839.

Kijana Charles Darwin aliondoka Uingereza mwisho wa mwaka 1831 katika merikebu iitwayo Beagle. Katika nchi ya Argentina aliona ndege mkubwa asiyeruka, akimbiaye nyikani, aitwaye nyandu. Wahispania walimwita mbuni. Lakini mbuni wetu ana vidole viwili katika kila mguu, na huyu ana vitatu.

Alipofika mto Río Negro mwaka 1833, wachunga ng'ombe wa huko, waitwao Gaucho, walimwambia ya kuwa kuna mbuni wa pili, Avestruz Petise, yaani mbuni mfupi. Walimweleza vizuri: ni mdogo kuliko yule wa kwanza, rangi yake ni nyeusi-nyeusi yenye madoadoa, miguu ni mifupi na manyoya yake yashuka chini zaidi, na mayai yana rangi ya samawati kidogo. Hawa si watu wa vyuo, lakini sisi waalimu twaona maelezo yao yatosha kufundishia darasa.

Tarehe 23 Desemba mwaka huo Beagle ikatia nanga Port Desire, kusini zaidi. Huko Conrad Martens, mchoraji wa merikebu, akampiga ndege mmoja kwa bunduki. Darwin akamtazama, akadhani ni nyandu wa kawaida asiyekomaa. Maneno ya Gaucho yalikuwa yamemtoka kabisa. Ndege akapikwa, akaliwa. Ndipo Darwin alipokumbuka! Kwa bahati kichwa, shingo, miguu, mabawa, manyoya mengi makubwa na sehemu kubwa ya ngozi vilikuwa vimehifadhiwa. Vikapelekwa London.

Huko John Gould, bingwa wa kutambua ndege, alivichungua, na mwaka 1837 akatangaza kuwa huyu ni wa aina mbali, akamwita Rhea darwinii. Mwezi wa Januari mwaka huo huo alikuwa amekwisha kuonyesha ya kuwa ndege wadogo wa visiwa vya Galápagos, ambao Darwin aliwadhania kuwa wa jamaa mbalimbali, ni wa jamaa moja. Wengi wao Darwin hakuwaandikia kisiwa walikotoka, ikambidi kuomba msaada wa ndege waliokusanywa na wenzake wa merikebuni. Hayo ndiyo yaliyovuma duniani, nasi hatuyadharau. Ila habari ya nyandu yatupendeza zaidi.

Hata hivyo jina la Gould halikusimama. Mfaransa Alcide d'Orbigny alimtafuta sana ndege huyo Río Negro asimpate, lakini alikuwa amemwandika kwa jina la pennata mwaka 1834, na kanuni ya elimu hiyo ni kwamba jina lililotangulia ndilo lishikwalo. Basi katika vitabu ni Rhea pennata. Wengi bado humwita nyandu wa Darwin. Jina la Martens, aliyempiga, halimo.